Muhuri Uliosomeka

Kila aliyeiteka Bunia katika miaka ile alimtafuta Anaclet kabla hata ya kumtafuta muuza nyama. Waliingia na bunduki, wakalala katika nyumba za watu, wakala mbuzi wa watu, na walipokwisha kushiba wakakumbuka kwamba serikali haiwi serikali bila muhuri. Hapo kijana mmoja mwenye miwani ya jua alitumwa sokoni kuuliza yule Munande anayechonga raba anakaa wapi. Majirani zake wa mtaa wa Rwambuzi walimtania kwa jambo hilo. Walisema katika mji wote yeye ndiye mkubwa peke yake ambaye hajawahi kukimbia.

Meza yake ilikuwa chini ya kipaa cha bati, nyuma ya wauza chumvi. Juu yake palikuwa na nyembe, sindano ya kushonea magunia, kipande cha kioo, na vipande vya raba alivyokata katika soli za viatu vilivyochakaa. Alichonga herufi kinyumenyume, ili zikigongwa juu ya karatasi zikae sawa, na kwa kuwa alifanya kazi hiyo tangu alipotoka Lubero, kwa Wanande wenzake, akiwa kijana kuja kutafuta maisha Ituri, kusoma kinyume hakukumpa shida tena. Alichonga mihuri ya shule, ya parokia, ya msikiti, ya vyama vya wachimba dhahabu, na ya daktari mmoja wa ng'ombe aliyekuwa anapoteza muhuri wake kila alipolewa. Mteja aliyekuja kutaka muhuri mpya aliombwa kwanza ule wa zamani, na Anaclet aliupasua uso wake kwa wembe, mara huku na mara huku, mwenyewe akitazama. Hakuna muhuri aliouchonga mara mbili. Hiyo ilikuwa sheria yake, na aliishika kama wengine wanavyoshika mfungo.

Kuhusu vita, sina haja ya kuhesabu hapa nani alimfukuza nani. Waliohesabu walichoka. Mikataba ilisainiwa mbali, Lusaka, Luanda, Pretoria, katika hoteli zenye mazulia, na wenye kusaini walipigwa picha wakicheka. Kila mkataba ulipofika kwetu ulikuwa umekwisha kugeuka kitu kingine. Walioandikiwa waondoke walibaki. Walioandikiwa wapatane walikwenda kutafuta bunduki mpya. Na wale ambao hawakuandikwa kabisa waliunda chama chao upesi, ili safari ijayo nao waitwe hotelini. Kila chama kilitaka muhuri. Anaclet alichonga simba, alichonga mikono miwili iliyoshikana, alichonga jua lenye miale, na kila mara alifanya kazi safi kwa sababu hakujua kufanya kazi chafu. Aliogopa kama sisi sote tulivyoogopa, na aliona afadhali awe mtu anayehitajiwa.

Makabila mawili ndiyo yaliyokuwa yanauana zaidi, na sisi wengine tulikuwa katikati kama mahindi katika kinu. Sitayataja. Yalitajwa mno siku zile. Watu waliteremshwa garini kwa kutajwa tu, na sitaki kinywa changu kiongeze. Inatosha kujua kwamba Gauthier, mume wa Camille, binti pekee wa Anaclet, alikuwa na baba wa kabila moja na mama wa lile lingine. Kabla ya vita hilo lilikuwa jambo la kuchekea. Siku ya harusi yake walisema ana bahati, atakunywa maziwa kwa wajomba na kula mihogo kwa baba. Vita vilipoanza, kwa wajomba alikuwa mtoto wa baba yake, na kwa baba alikuwa mtoto wa mama yake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mpole, mwenye mwandiko mzuri sana ubaoni, na hapakuwa na mlango katika Bunia nzima ambao angegonga akasema, hapa ni kwetu.

Mwanzoni mwa mwaka 2003 Camille alikuwa amekuja Rwambuzi kwa mama yake kuzaa mtoto wake wa kwanza, kama desturi ilivyo. Alijifungua msichana. Mtoto hajakauka kitovu, Gauthier naye akafika kwa kuruka ua wa nyuma, ana begi lake la shule na hana hata shati la kubadilisha. Vijana wa wakubwa waliokuwa wanatawala mji wakati ule walikuwa wamekuja kumwulizia nyumbani kwake, na hawakuwa wamekuja kumsalimu.

Walimficha jikoni, kijumba cha udongo nyuma ya nyumba. Lakini mkwe ni mkwe. Kwa watu wa Anaclet mama mkwe hakai chumba kimoja na mume wa binti yake, hali mbele yake, hapiti hata mahali anapolala. Honorine, mke wa Anaclet, alikuwa mwanamke wa kusema wazi na wa kucheka kwa sauti, lakini katika jambo hilo hakuwa na mchezo. Camille alikuwa mzazi, na mzazi haruhusiwi kushika sufuria. Basi Honorine alitoa mbabula yake, lile jiko la makaa, akaiweka mbele ya nyumba karibu na mlango, akapika hapo, mvua inyeshe isinyeshe, chini ya mwavuli uliovunjika. Camille alipeleka sahani nyuma akiifunika kwa nepi za mtoto.

Mtaa mzima uliona. Watu wana macho, na Mama Camille kupika mbele kama mwenye hoteli lilikuwa jambo jipya.

"Mama Camille, jiko yako imeanguka?" jirani yake Adeline alimwuliza kutoka ng'ambo ya ua, akicheka. "Unapikia mbele ya mulango sawa mama wa malewa!"

"Moshi ya kule inaniumiza macho," Honorine alijibu.

"Na hii ya hapa inakupaka mafuta?"

Walicheka wote wawili. Baada ya siku chache Adeline alikuja mwenyewe, ameshika ndoo, na safari hii hakucheka. Alisimama karibu sana.

"Dada, mi sitaki kujua kintu," alisema chini chini. "Lakini kule ku robinet ya maji vijana banauliza nani analala mu nyumba ya nani. Pikia nyuma. Nakuomba, pikia nyuma."

Honorine aliacha maharagwe motoni, akaenda moja kwa moja sokoni kwa mumewe, hata leso ya kichwani hakufunga vizuri. Alimkuta anachonga muhuri wa duka la dawa.

"Papa Camille, ule mutu atoke," alisema. "Iko na kaka yake kule Aru, ku duane ya mupaka. Afike tu Aru."

"Atapitia wapi? Ku barieri banaomba lesepase, ile karatasi ya kupita."

"Weye njo uliwachongea ile muhuri yao. Chonga ingine."

Anaclet aliweka wembe chini. Ni kweli, yeye ndiye aliyewachongea wakubwa wale, mwaka uliotangulia, walipoingia mjini. Muhuri wa mviringo, jina la chama limezunguka, katikati mkuki na suke la mahindi. Bila muhuri huo juu ya karatasi hakuna aliyepita kamba iliyofungwa barabarani, si kwenda Mahagi, si kwenda Komanda. Na ofisini, ambako karatasi zenyewe zilitolewa, swali la kwanza lilikuwa kijiji cha baba na la pili kijiji cha mama. Gauthier asingemaliza swali la pili.

"Sichongake muhuri moja mara mbili," alisema. "Unajua."

"Najua. Na mukwe wako iko analala juu ya majivu sawa mbuzi. Ile nayo unajua? Mutoto wako abakie mujane, na weye uko na wembe mu mukono?"

Anaclet aliokota kipande cha soli kizuri kuliko vyote, kile alichokuwa amekiweka kwa kazi ya askofu, akakitia mfukoni, akafunga meza. Hivyo ndivyo sheria yake ilivyovunjika, na sioni kwamba alikosa kuivunja. Kosa lake lilikuja nyuma yake.

Hakuwa na mfano wa kutazama. Muhuri ule ulikuwa ofisini kwa wakubwa, na yeye hakuwa na desturi ya kubaki na chapa. Alichonga kwa kumbukumbu ya mkono tu, amejifungia chumbani, Camille akimnyonyesha mtoto upande wa pili wa pazia. Herufi zilirudi zenyewe, moja baada ya moja. Gauthier naye, kule jikoni, aliandika karatasi kwa Kifaransa kizuri na mwandiko wake wa ubaoni, kwamba mwalimu Gauthier aruhusiwe kupita, anakwenda Aru kwa shughuli za shule. Alijiandikia ruhusa yeye mwenyewe, na mtaani kwetu hapakuwa na mtu ambaye angeiandika vizuri zaidi.

Jumanne mchana muhuri ulikuwa tayari. Anaclet alipeleka kibweta cha wino jikoni, akaujaribu kwanza juu ya gazeti. Ulitoka mweusi na wazi. Herufi zote zilikaa mahali pake. Ila mkuki ulikuwa umelala kidogo kuelekea kulia, kwa sababu wembe ulimteleza kwenye ncha. Kidogo tu, upana wa uzi.

"Hapana," Anaclet alisema.

"Iko sawa, Baba," Gauthier alisema taratibu. Malori ya wafanyabiashara yalikuwa yanaondoka kesho yake Jumatano kwenda Mahagi, na nafasi yake alikuwa ameombewa.

"Haiko sawa. Inaanguka. Nitachonga ingine."

Gauthier aliinamisha kichwa. Baba mkwe habishwi. Angekuwa baba yake mzazi, au rafiki, angemshika mkono akamwambia nipe hiyo hiyo niende. Maisha ni yangu. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa, na tena alikuwa anakula chakula cha mzee yule na kulala katika majivu yake. Alisema ndiyo Baba, akanyamaza.

Honorine hakunyamaza. Alisimama nje ya mlango wa jiko, amegeuzia mgongo ili asimwone mkwe, akamsemesha mumewe kwa kuutazama ua.

"Bale batoto ba barieri hawajue hata kusoma! Watajua mukuki inalala?"

"Hawajue kusoma, lakini picha banajua. Banaiona kila siku. Muhuri ikipinda, inaua mutu."

"Malori inaenda kesho!"

"Ataenda Alhamisi na kinga yangu, ile baiskeli. Kinga inapita vizuri kuliko malori."

Camille alisikia yote kupitia ukuta wa nyumba. Aliendelea kumbembeleza mtoto. Alikuwa mzazi, mgonjwa bado, na alimwamini baba yake.

Hapa nataka kuwa mkweli juu ya Anaclet, kwa maana nilimpenda. Aliogopa kwa ajili ya Gauthier, ndiyo. Lakini ndani ya woga ule kulikuwa na kitu kingine pia, na mkewe alikijua. Hakuweza kuvumilia kazi mbaya itoke mkononi mwake. Raba ile yenye mkuki uliolala ilimwuma jichoni. Siku nzima ya Jumatano, malori yakinguruma kupanda kwenda kaskazini, alikuwa chumbani anachonga mkuki mwingine, na ulipotoka juu ya karatasi ya Gauthier umesimama wima kama ule wa ofisini, alijisikia furaha. Aliwaita waje kuona. Honorine alitazama, akasema sawa, akaikunja karatasi mara nne. Muhuri wenyewe aliutupa kwenye moto wa mbabula, nao ukanuka vibaya kiasi kwamba Adeline alikohoa kule kwake.

Alhamisi, mara tu palipoanza kupambazuka, Gauthier aliondoka na baiskeli ya Anaclet. Alimbusu mtoto, alimshika Camille mikono yote miwili, na kwa mama mkwe alipiga magoti mbali, karibu na ua, kama inavyopasa. Alipochukua karatasi vidole vyake vilikuwa na masizi, akaipaka pembeni. Anaclet aliona doa lile na likamuudhi, akajizuia kusema.

Gauthier alikuwa amekwisha kuondoka mizinga ilipoanza.

Jambo lenyewe lilikuwa limepikwa mbali, tena kwa kalamu. Wakubwa waliotawala Bunia walikuwa wamesaini urafiki mpya na watu wengine, huko nje, bila kuuliza jeshi la nchi jirani lililowaweka. Jeshi lile likakasirika. Likawaita adui za wakubwa wetu, likawapa njia, na asubuhi ile likawafukuza wakubwa mjini. Kabla ya saa za adhuhuri waliokuwa serikali walikuwa wanakimbia porini, sare wamezivua, na waliokuwa porini walikuwa wanavunja maduka. Watu wa Rwambuzi walilala chini ya vitanda. Risasi moja ilipita bati la jiko, pale hasa Gauthier alipokuwa anaweka kichwa chake, na Honorine alipoliona tundu lile alishukuru Mungu kwa sauti kwamba mtoto yule ametoka.

Walijiliwaza hivyo. Vita vimebaki nyuma yake, walisema. Yeye ameshavuka. Atakuwa kwenye vilima sasa, atakuwa Mahagi, atakuwa Aru anakula samaki kwa kaka yake.

Siku zikapita, na habari hazikuja. Kwa Adeline zilikuja. Mdogo wake alikuwa ameondoka na malori ya Jumatano, naye akatuma salamu kwa mtu wa pikipiki kwamba walifika salama wote. Kwenye barieri vijana walitazama mihuri, wakafungua kamba, basi. Adeline alileta habari hiyo mbio mbio kwa furaha, akidhani anawapa matumaini. Anaclet aliisikia akiwa amesimama mlangoni. Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa jikoni peke yake, juu ya mkeka wa Gauthier.

Honorine alianza kunong'ona kwamba waweke kilio. Kilio ni lazima. Mtu hawezi kwenda hivi hivi bila kuliliwa, bila watu kuja kukaa uani na kumtaja jina. Camille alikataa. Alisema mume wake si mfu kwa sababu ya kukawia, na mtu atakayemlilia mbele yake bila kumwonyesha kitu atamfukuza kwa mchi. Alikuwa amekonda, na maziwa yalianza kumkauka. Kila pikipiki ilipopita alitoka na mtoto begani. Alikataa hata kukata nywele za msiba. Ndivyo alivyokuwa, si mjane wala si mke, na mama yake aliumia kumtazama.

Sokoni maduka yalifunguliwa nusu nusu. Anaclet alirudi kwenye meza yake, kwa kuwa nyumbani hakuweza kukaa. Siku moja akaja kijana mmoja mwenye adabu, suruali yake imepigwa pasi, anaitwa Dady. Alikuwa katibu wa mojawapo ya vile vyama vilivyoingia Alhamisi ile. Alisalimu vizuri, akaomba ruhusa ya kukaa.

"Muzee, kuko kazi," alisema. "Wiki inakuya banasaini, hapa hapa Bunia. Kusimamisha vita. Bamesema kila chama ikuye na muhuri yake. Siye hatuna. Tukienda bila muhuri batatuona sawa bezi ba mbuzi."

"Munataka ya namna gani?"

"Sawa hii." Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza. "Ikuwe ya kuzunguka, maandishi inazunguka pia. Tia jina yetu. Na katikati, toa hii mukuki, tia njiwa. Ju tunaenda kusaini amani."

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Pembeni ilikuwa na masizi ya vidole. Anaclet aliona mwandiko kabla ya kuona muhuri, ule mwandiko wa ubaoni, herufi zimelala vizuri zote upande mmoja. Alichukua kipande cha kioo, akajifanya anatazama chapa, ili mikono ipate kitu cha kushika.

"Hii mulitoa wapi?" aliuliza.

"Ku barieri, njia ya Mahagi. Ile asubuhi tuliingia. Kuko mutu alikuya na kinga, anasema iko mwalimu, haiko mutu wa chama. Tukaona karatasi." Dady alitikisa kichwa kwa kusifu. "Muzee, ile muhuri iko wazi! Hata siye benye hatukusoma sana tulisoma jina yao yote. Ingekuwa chafu, labda angesema ni ya parokia. Tungemwacha aende. Lakini ile? Ile ni mutu ya wakubwa kabisa."

"Na ule mutu?"

"Ilikuwa vita, Muzee," Dady alisema, bila hasira yoyote, kama anayesema mvua ilinyesha.

Wauza chumvi walikuwa wanabishana juu ya kipimo. Anaclet aliwasikia vizuri, kila neno. Alitaka kuichukua sindano ya magunia amchome yule kijana shingoni, na nasema hivi kwa sababu yeye mwenyewe alinieleza. Alitaka, na mkono wake ulikwisha kuigusa. Kisha akamkumbuka Camille akitoka mlangoni kila pikipiki inapopita.

"Nani alichonga hii?" Dady aliuliza. "Unamujua?"

"Sijue," Anaclet alisema. "Labda mutu wa Kampala."

"Ule mutu anajua kazi."

"Anajua."

Alisema atachonga. Hataki franga, alisema, anataka jambo moja tu: muhuri ukiisha, ile karatasi aachiwe yeye, aiweke kama mfano kwa wateja. Dady alishangaa kidogo, akacheka, akasema mafundi wote wana wazimu wao. Alikubali. Lakini aliikunja karatasi akairudisha mfukoni, kwa maana si mjinga, akasema ataileta siku ya kuchukua kazi.

Basi Anaclet akawachongea waliomwua mkwe wake muhuri wa kusainia amani. Nimewahi kuuona mahali ulipogongwa. Ni kazi nzuri kuliko zote alizofanya. Njiwa ana manyoya, kila unyoya umekatwa, jicho lake ni tundu la sindano. Aliogopa kwamba kama atakosea hata mstari mmoja kijana yule ataikataa kazi na kuondoka na karatasi. Wakati wote wa kuchonga alikuwa analia, na machozi yakianguka juu ya raba aliyafuta kwa mkono wa shati ili wembe usiteleze.

Dady alifurahi sana. Aligonga muhuri kwenye kiganja chake mwenyewe akawaonyesha wauza chumvi. Kisha akaiweka karatasi juu ya meza, akaenda zake.

Anaclet alifika nyumbani mchana. Hakumwita Honorine kwanza, ingawa ndivyo ilivyopasa. Alikwenda kwa Camille aliyekuwa amekaa kizingitini na mtoto, akampa. Camille aliikunjua. Alisoma yote polepole, midomo yake ikitembea, kama wanafunzi wa mume wake walivyokuwa wanasoma. Alipitisha kidole juu ya masizi. Hakupiga kelele. Honorine, aliyekuwa anatoka ndani, ndiye aliyeiona karatasi, akashika kichwa na kupiga ule mlio ambao mtaa wote unaujua, na hapo hapo kule kwa Adeline ndoo ikaanguka na miguu ikaanza kukimbia.

"Hii mulitoa wapi?" Camille aliuliza.

Baba yake alimwambia. Alimwambia yote, barieri, na jinsi walivyoweza kusoma, na kwamba ingekuwa chafu wangemwacha. Angeweza kuficha hilo la mwisho. Hakulificha.

Camille aliitazama tena ile chapa, mviringo wake, herufi zake, mkuki wake uliosimama wima katikati.

"Papa," alisema, "ile ya Jumanne, yenye ilikuwa inaanguka. Angeenda na ile, na malori, angefika?"

Wanawake walikuwa wanaingia uani, wanafungua vitambaa vya kichwa, wanaanza kulitaja jina la Gauthier.

"Angefika, mwanangu," Anaclet alisema, akaenda kutoa viti.